Jinsi ya Kuwa Mhariri wa Maoni Bila Kuwa na Maoni

Mwongozo kwa kijana wa Kulamawe anayetaka kufika mbali

Kijana wa Kulamawe, nimesikia hutaki ualimu, hutaki uaskari, wala biashara ya mbuzi huitaki. Unataka kuwa mhariri wa maoni katika gazeti la taifa. Hongera, umechagua kazi safi. Waandishi wa habari watatumwa kwenye mafuriko na maandamano wakarushiwe vitoa machozi. Wewe utakaa Nairobi, kwenye kiti kinachozunguka, ukiamua ni nani kati ya Wakenya milioni 50 hivi ana akili za kuchapishwa.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Katikati ya gazeti kuna kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto hukaa tahariri, ambayo haina jina la mwandishi ili lawama ikose mlango wa kubisha hodi. Karibu yake zipo barua za wasomaji, na katuni, ambayo ndiyo pekee inayosomwa na kila mtu. Kulia hukaa wanasafu, kila mmoja na picha yake ameshika kidevu, na maneno yake 700 au 800. Kurasa hizo ndizo milki yako. Siku chache baadaye zitafika Kulamawe zikiwa zimefungia mandazi, lakini hilo lisikusumbue. Mla mandazi siye msomaji uliyemkusudia.

Sasa fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Ondoka Kulamawe, nayo Kulamawe ikutoke

Kutoka Kulamawe hadi mjini Isiolo ni kama kilomita 80, na kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu 280. Safari ya kwanza utaimaliza kwa gari. Ya pili utaimaliza kwa ulimi, maana lafudhi yako itafika Nairobi miaka kadhaa baada yako.

Wazee wako wakielekea kusini husema wanakwenda Kenya. Ni kauli ya zamani kote kaskazini, na ina sababu. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, asiingie mtu wala asitoke bila kibali, na Isiolo ikawa lango. Usithubutu kuitamka kauli hiyo kwenye mahojiano ya kazi. Jopo litacheka, kisha litaomba kitambulisho chako, kisha cha baba yako, kisha cha babu yako. Hayo wewe umeyazoea, lakini yanakula muda wa watu.

Jizoeze kusema “sisi Wakenya” kila baada ya sentensi mbili. Kibali cha mkoloni kilifutwa zamani. Ukurasa wa maoni bado unakidai, ila siku hizi hukiita tajriba.

Hatua ya 2: Tenganisha habari na maoni

Hili ndilo somo lenyewe. Mengine yote ni nyongeza. Mtu aliyefiwa na ngamia ni habari. Mtu aliyesoma ripoti kuhusu ngamia waliokufa ana maoni.

Chukua mfano wa nyumbani. Waborana wa Waso, huko kwenu Isiolo, wana dedha, eneo la malisho lenye mipaka na kanuni zake, na wazee wanaoamua mifugo ielekee wapi wakati wa mvua, nani ahame lini, na nyasi zipi zisiguswe mpaka kiangazi kikaze. Wazee hao hukaa chini ya mti wakabishana. Mmoja anatoa hoja, wa pili anaipangua, wa tatu anawakumbusha ukame wa zamani na kilichofanyika wakapona. Mtu asiyejua mambo angedhani huo ni ukurasa wa maoni, tena wenye wahariri makini, kwa kuwa anayesema upuuzi hukatizwa papo hapo.

Wewe umesoma, hudanganyiki. Kitaaluma wale ni “wakazi”. Mkazi hunukuliwa katika aya ya tisa, sentensi moja, akiiomba serikali msaada. Na kama alikuwa akiikataza serikali jambo, andika vilevile kwamba aliomba. Wasomaji wamezoea hivyo, na mazoea ya msomaji yaheshimiwe.

Hatua ya 3: Tunza daftari la simu

Daftari liwe na majina ishirini, lisizidi. Masharti ya kuingia humo ni mepesi: anayechapishwa ni mtaalamu, na mtaalamu ni yule aliyewahi kuchapishwa. Hakikisha wote wanaishi mwendo wa teksi kutoka ofisini, ili jioni waje kwenye runinga kurudia walichoandika asubuhi.

Siku moja mtu atasimama kwenye warsha na kuuliza mbona kaskazini haisikiki. Usikasirike, ongeza jina moja. Mohamed Guleid, naibu gavana wa Isiolo kuanzia 2013 hadi 2017, ameandika safu katika The Standard. Billow Kerrow, seneta wa Mandera katika kipindi hicho hicho, ameandika katika gazeti hilo hilo. Sina ugomvi na walichoandika. Nakuonyesha tu njia waliyopitia. Mwalimu wa shule ya msingi Kulamawe mwenye hoja zilezile na achukue kwanza fomu za kugombea kiti. Akishinda, tutamsoma. Akishindwa, atabaki kuwa mkazi.

Hatua ya 4: Ipime makala kwa jina la mwandishi

Makala ikifika, usianze kwa kuisoma, anza na jina. Makala ya Waziri huandikwa na msaidizi wake, hukaguliwa na msaidizi wa msaidizi, na hukufikia ikiwa na maneno 1,500, mengi yake yakiwa “mageuzi”. Ichapishe. Makala ya mwalimu ikifika ikiwa na maneno 720, mjibu kwa upole kwamba nafasi imejaa. Hutakuwa umesema uongo. Imejaa kweli, imejaa Waziri.

Wazo la kuwapa watu wa nje ukurasa mkabala na tahariri lilipata jina kubwa pale The New York Times ilipoanzisha wake tarehe 21 Septemba 1970, kwa nia ya kuleta sauti zisizotoka chumba cha habari. Nia njema ina ajali zake. Juni 2020 gazeti hilo lilichapisha makala ya seneta Tom Cotton aliyetaka wanajeshi watumwe kutuliza ghasia mitaani. Wafanyakazi wakachachamaa, na mhariri wa maoni, James Bennet, akakiri kwamba hakuwa ameisoma kabla ya kuchapishwa. Akajiuzulu.

Wewe usitishike. Kwetu kutoisoma makala ya mheshimiwa ni adabu. Hatari ipo kwenye kuandika kitu ambacho mheshimiwa atakisoma.

Hatua ya 5: Andika tahariri isiyomgusa mtu

Tahariri salama ina aya tatu. Ya kwanza inasikitika. Ya pili inawahimiza washikadau wote. Ya tatu inasema wakati wa kutenda ni sasa. Asitajwe mtu, kisitajwe kiasi cha pesa. Ukiandika moja ya namna hiyo kuhusu ukame, unaweza kuitumia hadi ustaafu. Kazi yako itakuwa kubadilisha mwaka tu.

Waliopuuza kanuni hii wapo. Katika Saturday Nation ya tarehe 2 Januari 2016, Denis Galava aliandika tahariri ya mwaka mpya iliyomkabili Rais Uhuru Kenyatta moja kwa moja na kumtaka ajirekebishe. Alisimamishwa, kisha akafutwa kazi. Mwajiri alisema utaratibu wa ndani haukufuatwa. Liweke akilini jambo hilo. Tahariri inayosikitika haihitaji utaratibu wowote. Inayotaja mtu ina utaratibu mrefu kuliko barabara ya Mandera. Mwaka huo huo mkataba wa mchora katuni Gado, aliyechorea magazeti ya Nation tangu 1992, haukuhuishwa. Kwa hiyo hata ile katuni inayosomwa na kila mtu iangalie kwa jicho la pili, hasa kwa sababu inasomwa na kila mtu.

Tanzania ilitutangulia. Mwalimu Nyerere alipoitaifisha The Standard ya Dar es Salaam mwaka 1970, alimpa uhariri Frene Ginwala, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na akatangaza kwamba gazeti litakuwa huru kuikosoa serikali. Mwaka uliofuata gazeti likamshambulia Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti wa nchi yake, na Ginwala akaondolewa. Uhuru wa kuikosoa serikali ulikuwapo. Kumbe hakuna aliyefafanua ni serikali ya nani. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist, ikazaliwa Daily News, mhariri wake akiwa Benjamin Mkapa.

Tazama walivyoishia. Mwaka 1994 Ginwala akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Mwaka 1995 Mkapa akawa Rais wa Tanzania. Kwa hiyo tahariri kali haimwangamizi mtu, mradi awe na nchi nyingine ya kwenda. Wewe wa Kulamawe nchi yako nyingine ni Kenya, na ndiyo hii umeshafika.

Hatua ya 6: Barua za wasomaji zikate zikakatika

Usidharau barua. Mwaka 1968 Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition mjini Kampala, alitiwa ndani pamoja na mbunge Abu Mayanja, chanzo kikiwa barua ya Mayanja iliyoikosoa serikali ya Rais Obote. Neogy hakuiandika, aliifungulia mlango tu. Ndiyo maana barua bora ni za kelele za matatu, mashimo ya barabarani, na yule mstaafu anayehesabu makosa ya sarufi ya gazeti. Huyo mstaafu mchapishe kila wiki, anakupa sifa ya kuvumilia ukosoaji.

Tuseme basi imefika barua kutoka kwenu, imeandikwa hivi:

“Mhariri, tuliletewa kisima cha mashine katikati ya malisho tuliyokuwa tumeyahifadhi kwa kiangazi. Wazee waliwasihi wahandisi wakichimbe kwingine. Maji ya kudumu yakiwekwa pale, mifugo haitaondoka, na nyasi za akiba zitaliwa wakati wa mvua. Hawakusikilizwa. Leo maji yapo, malisho hayapo, na wenye mifugo kutoka mbali wamefuata maji hayo wakiwa na bunduki. Kabla ya kuchimba kingine, tuulizeni.”

Mhariri mchanga angeichapisha yote, au mbaya zaidi, angempigia simu mwandishi amwombe aikuze iwe makala. Mhariri mkomavu anaichapisha hivi:

“Wakazi wa Kulamawe tunaishukuru serikali kwa kisima, na tunaomba vingine.”

Umeokoa nafasi ya tangazo la benki, na kisima hukukitoa. Wiki mbili baadaye mtaalamu wa kwenye daftari ataisoma barua hiyo na kuandika makala kuhusu kiu ya kaskazini, akiwanukuu wakazi wenyewe wanaoomba visima. Huo unaitwa mjadala wa kitaifa.

Hatua ya 7: Jua namna ya kuijadili kaskazini

Mwaka 2005 marehemu Binyavanga Wainaina alichapisha katika jarida la Granta kejeli yake maarufu kuhusu namna ya kuiandika Afrika. Nairobi watu walicheka wakashika mbavu, maana walijua wanaosemwa ni Wazungu. Walipomaliza kucheka walirudi mezani kutafuta picha ya mzoga wa ngamia ya kupamba makala ya Wajir.

Kalenda yako ya kaskazini iwe na misimu mitatu. Kukiwa na kiangazi: “Tumalize njaa kabisa”. Kukinyesha: “Tujiandae kwa mafuriko”. Mifugo ikiibwa: “Tunyang’anye silaha”. Mtu wa Isiolo anayetaka kuandika wakati ambapo hakuna njaa, hakuna mafuriko wala hakuna aliyeuawa, mwulize taratibu: kwani kuna nini?

Historia izuie mlangoni. Ikiingia, mwandishi ataanza kueleza kwamba Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa upesi, maana yake kwingine, si kwenu. Ataongeza kwamba mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya madai ya yale yaliyotendeka kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Atamalizia kwamba sheria za hali ya hatari ziliendelea huko hadi 1991, ambapo Mkenya aliyezaliwa siku ya uhuru alikuwa na miaka 27. Msomaji akifika mwisho atashuku kwamba ukame ulikuwa na wasaidizi.

Kwa hiyo mkate mwandishi huyo mara tu anapolitaja neno “ukame”, weka nukta, na umweleze kwamba maneno 700 hayatoshi kwa historia. Akikuuliza mbona Waziri alipewa 1,500, mjibu kwamba Waziri hakuhitaji historia hata kidogo.

Hatua ya 8: Mjue anayelipa

Mkono mtupu haulambwi. Gazeti haliishi kwa shilingi za wasomaji bali kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa nchini ni serikali. Mwaka 2017 wizara na idara ziliagizwa zipitishie matangazo yao MyGov, chapisho la serikali yenyewe, badala ya kununua nafasi magazetini kila moja kivyake, na vyumba vya habari vikajua jinsi njaa inavyofunza adabu. Watu wanadhani mhariri wa maoni hupigiwa simu na wakubwa. Mhariri mahiri hapigiwi. Huipokea simu hiyo kichwani mwake, kabla haijapigwa, na huitikia “ndiyo” bila kuambiwa kitu.

Tarehe 27 Machi 2018 wanasafu wanane wa Nation, miongoni mwao Maina Kiai, George Kegoro na Rasna Warah, waliacha kuandika kwa pamoja, wakitoa taarifa kwamba uhuru wa uhariri umemomonyoka. Mtu mwenye moyo mwepesi angeuona huo kuwa msiba. Wewe uone nafasi nane, na daftari lina majina ishirini. Wala usikate uhusiano na waliokwenda. Mwaka 2022 David Ndii, mwanasafu mwingine wa zamani wa Nation, akawa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais William Ruto. Namba ya mkosoaji isifutwe kamwe. Ibadilishe tu kutoka “wanasafu” kwenda “Ikulu”.

Makosa ya kuepuka

Ukizifuata hatua hizo nane utastaafu salama, pengine kwa ubalozi, na utapata nafasi ya kuandika mara moja kwa mwezi kuhusu kaskazini, ukijitambulisha kuwa mzaliwa wa huko. Lakini wapo vijana wanaoharibu kila kitu kwa papara. Makosa yao ni haya:

1. Kumpigia simu mwalimu wa Kulamawe siku ya kawaida, kumwuliza anaionaje bajeti, badala ya kungoja siku ya mazishi.

2. Kumlipa kwa makala yake sawasawa na anavyolipwa wakili wa Westlands.

3. Kumrudishia makala yenye kasoro ukiwa umemwonyesha kasoro zenyewe, ili aiandike upya. Hivyo ndivyo waandishi wanavyopatikana, na kesho watakitaka kiti chako.

4. Kumruhusu mtu wa Isiolo aandike kuhusu ushuru, soka, ndoa au siasa za Marekani. Wasomaji watamzoea kama Mkenya yeyote, na utapata taabu kuirudisha ile picha ya ngamia.

5. Kumwachia mzee wa dedha aseme yote, umwandikie kwa maneno yake mwenyewe, na kuliweka jina lake pale juu linapowekwa jina la profesa.

6. Kumpa nafasi aliyesemwa vibaya ajibu, katika ukurasa uleule na kwa urefu uleule.

7. Kuandika tahariri inayosema nani, lini na shilingi ngapi.

Asiyekuwapo na lake halipo, na mwenye daftari la waliopo ni wewe. Ukiyafanya makosa yote saba katika wiki moja, usishangae Ijumaa ukiitwa ghorofa ya juu ukabidhiwe barua. Ipokee kwa mikono miwili. Utakuwa umefutwa kazi, lakini kwa wiki hiyo moja utakuwa umeifanya.